Rozini: Usafi Unaotangazwa, Kipimo Kisichotajwa

Katika maduka ya bangi ya California, Colorado na Kanada, ambako biashara hiyo ni halali, kuna bidhaa inayohifadhiwa kwenye jokofu ndani ya vichupa vidogo vya kioo. Ina rangi ya manjano iliyopauka, inanata, na kwa kawaida ni ghali kuliko aina nyingine nyingi za bangi iliyokolezwa. Huitwa rozini. Wanaoiuza wana sifa moja wanayoitanguliza kabla ya zote: haina kiyeyusho, yaani kemikali ya kuyeyushia utomvu wa mmea. Haikupitishwa kwenye butani, wala propani, wala spiriti. Imekamuliwa kwa joto na mgandamizo, basi.

Sifa hiyo ni ya kweli. Shida yangu nayo ni kwamba inajibu swali ambalo kwa mtumiaji lina uzito mdogo kuliko mengine mawili: ni miligramu ngapi zinaingia mwilini kwa pumzi moja, na joto la kifaa anachotumia linaugeuza utomvu ule kuwa nini. Usafi umefanywa jibu la kila swali, na suala la kipimo limepotelea humo.

Mmea wenyewe kwanza. Maua ya bangi jike yamefunikwa na vinywele vyenye tezi. Juu ya kila kinywele kuna kichwa cha mviringo, cha takriban sehemu ya kumi ya milimita, na ndani yake mmea hutengeneza utomvu wake: kanabinoidi, yaani viambata vya pekee vya bangi, pamoja na terpini, yaani mafuta mepesi yanayoipa kila aina ya bangi harufu yake. Kileo chenyewe, THC, hakimo kwa wingi katika ua bichi. Kilichomo ni asidi yake, THCA, ambayo hailevyi. Ikipata moto, asidi hiyo hupoteza hewa ya kaboni na kubaki THC, ikiwa imepungua uzito kwa takriban asilimia 12. Kila aina ya bangi iliyokolezwa, iwe na jina la kizamani au la jana, ni njia fulani ya kuvitenga vichwa hivyo, au kilichomo ndani yake, na majani yasiyo na faida.

Ukilitazama hivyo, jambo la kutotumia kiyeyusho si ugunduzi. Katika vijiji vya Himalaya watu walisugua maua mabichi kwa viganja mpaka utomvu ukagandamana mikononi. Katika milima ya Rif nchini Moroko na bonde la Bekaa nchini Lebanoni walichekecha mimea iliyokauka, wakapata unga, wakaukandamiza ukawa hashishi. Mwaka 1998, Mila Jansen wa Amsterdam alianza kuuza mifuko ya kuchujia kwa maji ya barafu, ambayo hufanya kazi ileile kwa baridi: vichwa vya tezi hukakamaa, hukatika, na kuzama. Hakuna kemikali hata moja katika hayo yote.

Viyeyusho vililetwa na waganga. William O'Shaughnessy, daktari wa Ireland aliyefanya kazi Calcutta, alianza mwaka 1839 kueleza dawa aliyoitengeneza kwa kuyeyusha utomvu wa bangi katika spiriti, na dawa hiyo ikaingia katika famasia za Uingereza na Marekani. Alitaka kitu kinachoweza kupimwa kwa matone. Hakukipata. Chupa moja ilikuwa kali na nyingine haina nguvu, maana hakuna aliyejua kiambata chenyewe ni kipi, na asiyekijua kitu hawezi kukipima. Udhaifu huo ni moja ya sababu zilizoifanya dawa hiyo ipoteze nafasi yake mbele ya dawa zilizopimika. Marekani iliiondoa katika orodha rasmi ya dawa mwaka 1942. Miaka 22 baadaye, mwaka 1964, Yechiel Gaoni na Raphael Mechoulam nchini Israeli waliitenga THC na kueleza muundo wake, wakitumia hashishi waliyopewa na polisi.

Naitaja historia hii kwa sababu ugomvi wa leo kuhusu rozini ni ule ule uliomshinda O'Shaughnessy, ila sasa hatuna kisingizio. Kiambata tunakijua. Maabara zinakipima kwa dakika chache. Kinachokosekana ni nia ya kumweleza mtumiaji kwa lugha ya kipimo.

Kabla ya hapo, rozini ipewe haki yake. Mafuta ya bangi yaliyotawala soko la Marekani kabla yake yalikamuliwa kwa butani, na butani ni adui wa nyumba. Huchemka karibu na nyuzi sifuri za Selsiasi, kwa hiyo ndani ya chumba cha kawaida hugeuka gesi papo hapo. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, inatambaa sakafuni, inajaza kona, na inangoja cheche ya jokofu au ya swichi ya taa. Watu waliojaribu kazi hiyo majumbani walilipuka pamoja na majirani zao, na wodi za majeruhi wa moto huko Colorado na California zikapokea wagonjwa wa aina ambayo awali haikuwa kawaida. Viwanda vyenye leseni hutumia mitambo iliyofungwa na kuirudisha gesi kwenye tangi, lakini mtu wa jikoni hana mtambo huo. Kisha, kama mwaka 2015, habari zikaenea kwamba pasi ya nywele na kipande cha karatasi isiyoshika vinatosha kuukamua utomvu kutoka kwenye ua. Hatari ya mlipuko ikaondoka katika hesabu. Kwa hilo peke yake rozini inastahili sifa, na sioni sababu ya kuibania.

Ila iangaliwe sifa hiyo inamwendea nani. Inamwendea mkamuaji na jirani yake. Anayevuta yuko mahali pengine kabisa katika mnyororo huu, na kwake hesabu ni tofauti. California inaruhusu mabaki ya butani yasiyozidi maikrogramu 5,000 kwa gramu moja ya bidhaa, na bidhaa inayozidi hapo hairuhusiwi kuuzwa. Butani hutoka kirahisi. Mafuta yaliyokamuliwa vizuri na kupimwa kwenye maabara hayamwachii mvutaji mzigo mkubwa wa gesi hiyo, kwa hiyo anayelipa zaidi ili kuikwepa analipia kitu kilichokwisha kuondolewa kwa kiasi kikubwa.

Viuatilifu ni habari nyingine. Dawa nyingi za wadudu na ukungu hupenda mafuta kuliko maji, na utomvu ni mafuta. Ukiukamua utomvu, unazikamua pamoja nao, na kile kilichokuwa kidogo kwenye kilo ya maua kinajikusanya kwenye gramu chache. Pasi haichagui. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulichunguza sampuli 57 za bangi iliyokolezwa kutoka California, kabla jimbo hilo halijaweka masharti ya soko la watu wazima, ukakuta zaidi ya asilimia 80 zina uchafu wa namna moja au nyingine, wa viyeyusho au wa viuatilifu. Nusu ya kwanza ya tatizo hilo rozini inaitatua kwa jinsi inavyotengenezwa. Nusu ya pili inabaki shambani, na kichupa kilichoandikwa kwamba hakina kiyeyusho hakisemi lolote kuhusu shamba.

Halafu kuna joto. Rozini husifiwa kwa harufu, na harufu ni terpini. Wapenzi wake huiweka juu ya kioo au jiwe la kwazi (quartz) lililopashwa moto mkali na kuvuta mvuke wake. Mwaka 2017 wanakemia wa Chuo Kikuu cha Portland State walizipasha terpini hizo kwa viwango mbalimbali vya joto, wakapata kwamba kadiri joto linavyopanda ndivyo zinavyovunjika na kutoa sumu, zikiwamo benzini na methakrolini. Benzini inajulikana kusababisha saratani. Sheria ya California inataka benzini kwenye bidhaa isizidi maikrogramu 1 kwa gramu, kiwango kikali sana. Lakini kipimo hicho huchukuliwa maabara, bidhaa ikiwa imetulia kwenye kichupa. Moto wa mtumiaji hauna mkaguzi, na hakuna neno kwenye lebo linalomwambia kwamba usafi alioununua unaweza kuharibiwa na yeye mwenyewe kwa sekunde mbili za kuzidisha moto. Ningekuwa naandika lebo hizo, joto lingetajwa kabla ya kiyeyusho.

Tuje kwenye kipimo, ambapo hata wanaopinga bidhaa hizi hukosea.

Hoja ya kawaida dhidi ya rozini ni asilimia. Ua la bangi la zamani lilikuwa na asilimia 4, rozini ina 70, kwa hiyo rozini ni kali mara 17 na ushee. Takwimu za nyuma yake si za uongo. Chuo Kikuu cha Mississippi, ambacho kwa miongo mingi kimepima bangi inayokamatwa Marekani, kiliripoti kwamba wastani wa THC katika sampuli za bangi zilizokolezwa ulipanda kutoka asilimia 6.7 mwaka 2008 hadi 55.7 mwaka 2017. Mabadiliko hayo ni makubwa, na anayesema kwamba bangi ni ile ile ya babu hajui anachokisema.

Lakini asilimia hailevyi mtu. Kinacholevya ni wingi wa THC ulioingia na kasi ya kuingia kwake. Chukua msokoto wa kawaida. Watafiti waliowahi kuukadiria kwa Marekani walipata gramu 0.32. Kwa ua lenye asilimia 15, humo mna miligramu 48 za THC. Chukua kipande cha rozini cha gramu 0.05, kidogo kama kichwa cha njiti ya kiberiti, chenye asilimia 70. Humo mna miligramu 35. Kwa jumla, kipande cha rozini kina THC kidogo kuliko msokoto!

Tofauti iko katika pumzi. Msokoto huvutwa kwa dakika kadhaa, sehemu ya THC yake huungua, nyingine hupotelea hewani ukiwa umeshikwa tu, na kati ya pafu moja na jingine mvutaji anausikiliza mwili wake. Akiona inatosha anauzima au anampa mwenzake. Kipande cha rozini kinakwenda kwa pumzi moja. Hakuna nafasi ya kujisikiliza, na uamuzi wote umeshafanywa kabla ya kuvuta, na mtu aliyekadiria kwa jicho. Kosa la macho la gramu 0.05 kwenye msokoto wa ua ni miligramu 7 na nusu. Kosa hilohilo kwenye rozini ni 35. Hatari ya bangi iliyokolezwa kwa mgeni imelala hapo, na namba ya asilimia peke yake haimsaidii kuiona.

Kwa mzoefu mambo yanageuka. Mwaka 2020 watafiti wa Colorado walichapisha matokeo ya watu 121 waliotumia ama maua ama bangi iliyokolezwa, wakipimwa damu ndani ya gari la maabara lililoegeshwa karibu na makazi yao, kwa kuwa sheria ya shirikisho haikuruhusu bidhaa hizo kuingizwa chuoni. Waliotumia bangi iliyokolezwa walikuwa na THC katika damu zaidi ya mara mbili ya wale wa maua. Ajabu ni kwamba kulewa kwao, kwa walivyojieleza na kwa majaribio waliyopewa, hakukuwa zaidi. Wapo walioyapokea matokeo hayo kama hati ya kuachiwa huru: kumbe haidhuru. Mimi nayasoma kinyume. Mtu anayebeba mara mbili ya THC katika damu na kujisikia sawa na mwenzake ni mtu ambaye mwili wake umeshajirekebisha. Vipokezi vya ubongo vinavyoipokea THC hupungua kwa wanaotumia kila siku, na picha za ubongo zimeonyesha kwamba huchukua takriban wiki nne za kuacha ili kurudi katika hali ya kawaida. Rozini humfikisha mtu haraka mahali ambapo inahitajika rozini ili ajisikie sawa, na mfuko wake utaligundua hilo mapema kuliko daktari.

Kuhusu afya ya akili nitakuwa mfupi, kwa kuwa ushahidi wa moja kwa moja kuhusu bidhaa hizi ungali mchache. Utafiti mkubwa wa Ulaya na Brazili uliochapishwa mwaka 2019 ulikuta kwamba wanaotumia kila siku bangi yenye THC ya asilimia 10 au zaidi walikuwa na uwezekano wa karibu mara tano wa kupata saikosisi, ugonjwa wa akili unaomtenga mtu na uhalisia, kuliko wasiotumia kabisa. Uhusiano huo haupimi chanzo na athari kwa ukamilifu. Hata hivyo, asilimia 10 waliyoiita kali iko chini sana ya rozini yoyote inayouzwa, na kijana mwenye historia ya ugonjwa huo katika familia hana biashara na kichupa hiki.

Niseme pia neno kwa wanaouza mafuta ya bangi kama tiba ya saratani. Mafuta kuua seli kwenye sahani ya maabara si sawa na kumponya mgonjwa, na hakuna majaribio ya kitabibu kwa binadamu yaliyoonyesha kwamba yanaponya. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Bangi iliyokolezwa iliyothibitika kuwa dawa ipo, na njia iliyopita ni ya kuchosha: Epidiolex, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2018 kwa aina kali za kifafa cha watoto, ni kanabidioli, kiambata kingine cha bangi kisicholevya, iliyotolewa kwenye mmea, ikasafishwa kiwandani, na kuwekwa miligramu 100 kwa kila mililita, wala kidogo wala zaidi. Imepita kwenye mitambo na kemia ambayo muuza rozini angeicheka. Mzazi anajua hasa anachompa mwanawe.

Basi serikali zifanyeje? Zilizohalalisha bangi zimekimbilia asilimia. Sheria ya Vermont ya mwaka 2020 iliweka kikomo cha asilimia 30 kwa maua na 60 kwa bangi ngumu iliyokolezwa. Inasikika kama busara. Lakini rozini inayotoka mashinikizoni na asilimia 70 itafikaje 60? Ama itengenezwe kutokana na maua dhaifu, ama ichanganywe na kitu. Na tunajua kuchanganya kulikotufikisha. Mwaka 2019 Marekani ilikumbwa na maradhi ya mapafu yaliyolaza au kuua watu 2,807 kufikia Februari 2020, wakiwamo 68 waliofariki. Mshukiwa mkuu alikuwa asetati ya vitamini E, mafuta mazito yaliyoongezwa kwenye katriji za THC, yaani vibweta vya mafuta vya vifaa vya kuvutia mvuke, nyingi zikiwa za magendo, ili mafuta yaliyopunguzwa nguvu yaonekane mazito na halisi. Sisemi kwamba Vermont ilisababisha hayo, maana sheria yake ilikuja baadaye na katriji ina masharti yake. Nasema kwamba sheria inayolenga asilimia humfundisha mtengenezaji kupunguza makali kwa kuongeza, na kinachoongezwa ndicho kinachoingia mapafuni.

Kodi nayo inaonyesha tofauti hiyo. Illinois hutoza asilimia 10 kwa bangi yenye THC isiyozidi asilimia 35, na 25 kwa inayozidi, kwa hiyo pale kwenye 35 kuna ukuta ambao kila mfanyabiashara anatafuta mlango wake. Connecticut ilichagua kutoza kwa miligramu ya THC. Hapo hakuna ukuta wa kurukwa: anayeuza nyingi analipa nyingi, iwe ni ua au rozini. Ninaipendelea njia ya Connecticut, ingawa inadai maabara zinazoaminika, na maabara zinazolipwa na wauzaji haziaminiki daima.

Kitu cha kusimamia hoja hii kimeshatengenezwa. Mwaka 2021 taasisi ya Marekani ya utafiti wa dawa za kulevya iliwaagiza watafiti inaowafadhili waripoti matokeo kwa kizio kimoja, miligramu 5 za THC, ili tafiti ziweze kulinganishwa. Kizio hicho kimebaki zaidi kwenye majarida. Kitoe humo ukiweke juu ya sheria zilizopo uone. Colorado ilibana mwaka 2021: mgonjwa mwenye kibali asinunue zaidi ya gramu 8 za bangi iliyokolezwa kwa siku badala ya 40, na mwenye umri wa miaka 18 hadi 20 asizidi gramu 2. Kwa rozini ya asilimia 70, gramu hizo 2 ni miligramu 1,400, yaani vizio 280 kwa siku moja kwa kijana wa miaka 18. Walioandika sheria ile walidhani wamekaza.

Kanada, ambayo ilihalalisha maua mwaka 2018 na bidhaa zilizokolezwa mwaka mmoja baadaye, ina masharti mawili yanayostahili kusomwa kwa pamoja. Bangi ya kula haipaswi kuzidi miligramu 10 za THC kwa pakiti: vizio viwili. Bangi iliyokolezwa ya kuvuta inaruhusiwa hadi miligramu 1,000 kwa kichupa: vizio 200. Ni kiambata kimoja, wizara moja na kanuni zilizoanza kutumika siku moja. Mnunuzi wa pakiti ya kwanza anaambiwa kwa miligramu kilichomo katika kila kipande. Wa pili anakabidhiwa kichupa chenye jumla yake, halafu anaachiwa jicho lake akate mwenyewe.